Watoto walibaki kwenye Kosta

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu ya watoto wenye mgongo wazi na vichwa vikubwa waliopelekwa Kolo, wilayani Kondoa, kuona michoro ya miambani, ile yenye picha ya watoto wakipunga mikono mbele ya basi, imenifanya nishike kalamu. Nimewasoma miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Lakini safari hiyo nilikuwamo, mimi na kijana wangu wa darasa la tatu, na mliyoandika siyo niliyoyaona.

Mmesema familia zilijumuika. Familia zipi? Tuliambiwa mtoto mmoja, mlezi mmoja. Dada yake kijana wangu, binti wa kidato cha kwanza ambaye ndiye humsukuma kwenye kiti cha magurudumu asubuhi hadi getini kwa shule yake, aliambiwa nafasi hakuna wakati gauni lake ameshalipiga pasi. Tulipopanda tukakuta viti vya mbele vimejaa wapiga picha na watu wa mgeni rasmi.

Michoro ya Kondoa ni fahari yetu. Imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006, na kila mtoto wa mkoa huu anastahili kuiona. Ila iko kwenye miamba, na kuifikia ni kupanda mlima kwa miguu. Mtoto mwenye mgongo wazi uti wake haukufunga vizuri akiwa tumboni kwa mama, mishipa ya fahamu ikaumia, na wengi wao miguu haina nguvu. Nani alikaa mezani akaamua kwamba watoto hawa wapelekwe kupanda mlima? Wachache wanaotembea walipanda. Waliobaki, na ndio waliokuwa wengi, walikaa kwenye Kosta milango wazi, jua la saa saba linawachoma, wakisubiri wenzao warudi kuwasimulia.

Na hilo la mlima si kubwa kuliko la njiani. Mishipa hiyo hiyo ndiyo inayoendesha kibofu. Watoto wetu wengi mkojo hautoki wenyewe ukaisha. Hutolewa kwa mrija kila baada ya saa tatu au nne, kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni. Ukiuacha ukajaa, unapanda kurudi kwenye figo, unaleta maambukizi, na mwisho wake figo zinaharibika. Kila mzazi anayehudhuria kliniki analijua hili kama anavyojua jina la mwanawe, na waandaaji ni watu wa afya ya watoto, wanalijua kutuzidi. Tuliitwa saa kumi na moja alfajiri, tukamsubiri mgeni rasmi mpaka saa tatu, ndipo msafara ukaondoka. Muda wa mrija ukatukuta barabarani. Nikaomba gari lisimame, nikajibiwa kwamba msafara hausimami, mgeni rasmi yuko nyuma yetu. Tulisimama tulipofika Chemba, tena baada ya akina mama kupaza sauti. Choo hakuna. Mama mmoja akafungua khanga yake na mwenzake akashika pembe za upande wa pili, nikammwagia kijana maji ya kunywa mikononi, sabuni nilitoka nayo nyumbani, akajitoa mkojo pale kando ya lami huku bodaboda zinapita na kupunguza mwendo kuchungulia. Ana miaka tisa. Ana aibu zake kama mwanamume yeyote. Aliporudi garini alifunika uso kwa kofia yake mpaka Kondoa mjini.

Kolo wakagawiwa maputo. Watoto wenye mgongo wazi wako kwenye hatari kubwa kuliko wengine ya kudhuriwa na mpira wa asili, ule wa maputo na wa baadhi ya glavu za hospitali. Ngozi huvimba, na kwa wengine pumzi hubana. Binti mmoja alivimba midomo na kope. Mama yake alikuwa na dawa kwenye mkoba, Mungu ni mkubwa.

Nikiwa kwenye habari ya vyoo, na hapa mjini niulize. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010. Dodoma inajengwa kila kona, ghorofa kwa ghorofa, lakini mpeleke mtoto wa kiti cha magurudumu kwenye choo cha kulipia: ngazi tatu, mlango mwembamba, na mkusanya hela anakwambia mbebe. Nimembeba tangu alipozaliwa. Sasa ni mzito, na hataki tena kubebwa mbele za watu.

Sisemi safari zifutwe. Wazazi wengi wa watoto hawa hujifungia ndani kwa maneno ya majirani, na wapo akina baba waliokimbia. Kwenye Kosta ile ile kijana wangu alikaa na mwenzake aliyewekewa shanti kama yeye, ule mrija wa kupunguza maji ya kichwani, wakaguseshana makovu nyuma ya sikio, wakacheka. Alikuwa hajawahi kukutana na mtoto mwingine mwenye kovu lile. Kwa hiyo safari ziwepo, ila zipangwe kwa kuufuata mwili wa mtoto.

Safari ijayo iwe Hombolo, kwenye mashamba ya zabibu, msimu wa kuvuna. Ni karibu, ardhi ni tambarare, kiti kinapita, na mtoto anakata kishada kwa mkono wake akiwa amekaa. Liwekwe hema la turubai lenye pazia, ndani kitanda kimoja, ndoo yenye koki na sabuni, na Kosta isimame kila mzazi anapoomba. Maputo yasionekane kabisa. Majina ya kaka na dada yaandikwe kabla ya ya wapiga picha. Mgeni rasmi aende kwa gari lake, awakute watoto huko huko, na akichelewa wale chakula bila yeye.

Mzazi,
Nkuhungu, Dodoma