Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vifaa na Teknolojia katika Kituo cha Upigaji Picha za Ubongo

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati imetumia muda mwingi kwenye chumba ambacho watafiti wengi hawakiingii, yaani chumba cha chila (mashine ya kupoza maji) na kompresa (mashine ya kugandamiza gesi). Naanza na chumba hicho kwa sababu ndicho kinachoamua uhai wa sumaku ya mashine yetu ya MRI, ile inayopiga picha za ubongo kwa sumaku na mawimbi ya redio.

Sumaku hii ya Tesla 3 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) haizimwi usiku wala sikukuu. Nyaya zake hupitisha umeme bila ukinzani kwa kuwa zimepozwa kwa heliamu ya kimiminika, nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri. Kipoozeo kilicho juu ya sumaku, kile chenye mlio wa kudunda, hurudisha mvuke wa heliamu kuwa kimiminika. Kipoozeo hutegemea kompresa, kompresa hutegemea maji baridi ya chila, na chila hutegemea umeme wa fezi tatu. Kimoja kikisimama, heliamu huanza kupotea.

Hatari kubwa huja umeme unaporudi. UPS, yaani betri ya dharura, hubeba kompyuta, haibebi chila. Skrini zinawaka, kila kitu kinaonekana shwari, kumbe chila imejifunga kwa kinga yake na inasubiri mtu aibonyeze. Tena, nyaya za fezi mbili zikibadilishwa nafasi (mpishano wa fezi) wakati wa matengenezo ya jenereta, pampu huzunguka kinyume na maji hayafiki kwenye kompresa. Kwa hiyo kila umeme ukirudi, aliye zamu asikilize kwanza mdundo wa kipoozeo, kisha asome joto na mtiririko wa maji yanayoingia kwenye kompresa, halafu aandike kiwango cha heliamu na shinikizo lake. Asome tena baada ya saa moja. Shinikizo likiwa linapanda, ampigie mhandisi usiku huohuo, asingoje asubuhi.

Bomba la kutolea heliamu nalo linahitaji jicho. Lita 1 ya heliamu ya kimiminika hugeuka kuwa takriban lita 750 za gesi. Mdomo wa bomba ukizibwa na kiota cha ndege au maji ya mvua, gesi hiyo itarudi chumbani, itafukuza oksijeni, na mlango unaofunguka kwa ndani utabanwa na shinikizo. Ukaguzi wa mdomo huo ufanyike kabla ya masika na kabla ya vuli. Na wageni wote waelezwe tofauti ya vitufe viwili: kile cha kukata umeme hakiondoi nguvu ya sumaku; kinachoiondoa ni kile cha kuachia heliamu. Mwaka 2001 nchini Marekani mtoto wa miaka 6 alifariki baada ya mtungi wa oksijeni kuvutwa ndani ya mashine alimokuwa amelala. Mtungi wa chuma hauna ruhusa kuvuka mlango wetu hata kwa dakika moja.

Kuhusu ubora wa picha, malalamiko mengi ya mistari inayokatiza picha yanaanzia mlangoni. Chumba kimezungushiwa shaba kuzuia mawimbi ya redio, maana kwa Tesla 3 protoni za mwilini hupokea na kutoa mawimbi ya megahezi 127.7 hivi. Vibanzi vya shaba pembezoni mwa mlango vikipinda au kushika uchafu, mawimbi ya nje hupenya. Visafishwe kwa kitambaa na spiriti, na mlango ufungwe kabisa kabla ya kuanza. Vimeta vya ghafla kwenye picha za utendaji wa ubongo ni jambo jingine: mara nyingi ni skrubu iliyolegea, sarafu iliyodondoka, au hewa kavu inayozalisha umeme tuli. Unyevu wa chumba usishuke chini ya asilimia 40.

Fantomu, yaani chombo cha majaribio kinachopigwa picha badala ya mtu, ipimwe kila asubuhi. Fantomu ya maji iachwe itulie kama dakika 10 kabla ya kupimwa. Linganisheni ishara na kelele za leo na za wiki zilizopita, kwani koili (kifaa cha kuvaa kichwani chenye vipokezi vya mawimbi) yenye kipokezi kimoja kilichokufa bado hutoa picha inayovutia macho.

Kwa washiriki wa tafiti, fomu ya maswali peke yake haitoshi. Tuulize kwa lugha yetu na kwa vitu vyetu: pini za hijabu, vibanio vya wigi, rasta zenye nyuzi za metali, hirizi yenye kifuko cha bati, wanja. Dada asiulizwe mbele ya mumewe kama ana kitanzi cha uzazi wa mpango, apewe faragha. Nywele zilizosukwa nene zisipoingia kwenye koili ya vipokezi 32, tumieni koili pana zaidi. Kumkandamiza mtu kichwa kunaharibu picha kwa mtikisiko, na ni kumkosea heshima.

Data inazidi kuwa nzito. Picha moja ya ubongo yenye vijisehemu 104×104×72, kila kimoja kwa biti 16, ni kama MB 1.6. Ikipigwa kila sekunde 0.8, dakika 10 zinajaza karibu GB 1.2. Uso ufutwe kwenye picha za umbo ili mtu asitambulike, kabla data haijatoka kituoni, na nakala moja ikae nje ya jengo.

Kamati inapendekeza tuwekeze pia kwenye mashine za sumaku dhaifu. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, kikishirikiana na wenzao wa Uholanzi na Marekani, kiliunganisha mashine ya takriban militesla 50 kwa siku 11, kwa sumaku za kudumu zisizohitaji heliamu. Picha zake ni hafifu na haziwezi kushika nafasi ya Tesla 3. Joto pia huzisumbua sumaku hizo: nyuzi moja ikiongezeka, nguvu ya sumaku hupungua kwa takriban asilimia 0.1, masafa ya mawimbi ya protoni yakahama kwa zaidi ya kilohezi 2, hivyo masafa yatafutwe upya kabla ya kila kipimo. Lakini ni mashine ambayo mafundi wetu wanaweza kuifungua na kuitengeneza wenyewe.

Ajenda mbili zinahitaji kura zenu: kuunganisha chila kwenye jenereta yenye kinga ya mpishano wa fezi, na kununua kihisi cha oksijeni cha akiba. La kwanza, naomba lisiahirishwe.