Kazi za Meath zionekane Meath

Ndugu Mhariri,

Nilisoma kwa furaha makala yenu kuhusu sanaa ya kale ya Ayalandi, kwa kuwa ni nadra kukuta jambo hilo likiandikwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, mwandishi aliwashauri wasomaji watakaojaliwa kufika huku wasitoke nje ya Dublin, akidai kwamba kila kilicho bora kimekusanywa huko. Nimeishi katika kaunti ya Meath, kaskazini-magharibi mwa jiji hilo, kwa miaka minane, na ushauri ule umenisikitisha, maana kazi mbili alizozisifu kuliko zote, yaani Kitabu cha Kells, kitabu cha kale cha Injili kinachoitwa kwa jina la mji wetu, na bizimu la Tara, pambo la kufungia joho, zimepatikana Meath, na jina la kaunti hii halikutajwa hata mara moja.

Nianze na kitabu. Kina majani 340 ya ngozi ya ndama, yaliyoandikwa Injili nne kwa Kilatini yapata mwaka 800 na kutiwa nakshi ndogo mno, kiasi kwamba mafundo mengine hayaonekani vizuri bila kioo cha kukuzia. Wapo wanaosema kwamba si cha Meath, kwa sababu huenda kilianza kuandikwa katika kisiwa cha Iona, Uskoti. Ni kweli kwamba watawa wa Iona walivamiwa na Waviking, wavamizi waliotoka kaskazini kwa meli, wakauawa watu 68 mwaka 806, na mwaka uliofuata wenzao wakaanza kujenga makao mapya hapa Kells. Lakini kitabu kilikaa mjini humu kwa karne nyingi. Mwaka 1007 kiliibwa usiku kanisani, na Kumbukumbu za Ulster, maandishi ya kale ya matukio ya mwaka hadi mwaka, zinasimulia kwamba kilipatikana baada ya miezi miwili na siku 20, kimefukiwa chini ya udongo, dhahabu yake imebanduliwa. Na liko jambo moja ambalo kwangu linamaliza ubishi: katika nafasi zilizobaki wazi, watawa walinakili humo hati za ardhi za Kells. Watu hawaandiki hati za mashamba yao ndani ya kitabu cha wageni. Kilipelekwa Dublin katika miaka ya 1650, wakati wapanda farasi wa jeshi la Oliver Cromwell, jemadari wa Uingereza, walipopiga kambi kanisani, kikapelekwa ili kiwe salama, na hadi leo kimo katika Chuo cha Trinity. Sisi wa Kells tumebaki na nakala.

Sidai kwamba kirudishwe moja kwa moja, wala sipuuzi hatari ya safari. Mwaka 2000 mojawapo ya juzuu nne ambazo kitabu kimegawanywa, ile yenye Injili ya Marko, ilipelekwa Canberra, Australia, na baadhi ya kurasa zikapata madhara kwenye rangi, ikidhaniwa kuwa mtikisiko wa injini za ndege ndio uliosababisha. Naielewa hofu ya walinzi wake. Lakini ikiwa kitabu kiliweza kuvushwa hadi upande wa pili wa dunia, ni haki watu wa Kells, walio umbali wa kilomita 65 tu kwa barabara, waulize kwa nini moja kati ya juzuu zake nne isiletwe kwao kwa msimu mmoja, katika chumba kilichoandaliwa kwa viwango vyote ambavyo wataalamu watataka. Watoto wa shule za hapa hulijua jina la mji wao kwa sababu ya kitabu ambacho wengi wao hawajawahi kukiona.

Bizimu nalo lina kisa chake. Lilipatikana Bettystown, kwenye pwani ya Meath, mwaka 1850, wala halikutoka Tara hata kidogo. Jina hilo lilitolewa na sonara wa Dublin aliyelinunua, kwa kuwa kilima cha Tara, kiti cha wafalme wa kale ambacho nacho kiko Meath, kilikuwa na sifa ya kuvutia wanunuzi. Ni pambo la kufungia joho begani, la fedha iliyopakwa dhahabu, na kipenyo chake hakifiki sentimita 9. Nimesimama mbele yake katika Makumbusho ya Taifa mara kadhaa. Upande wa mbele una nyuzi za dhahabu zilizosokotwa zikawa wanyama, pamoja na vipande vya kaharabu na kioo, na hilo ndilo linalopigwa picha. Lakini geuza macho uangalie mgongo wake: huko nako fundi amejaza duara zinazojiviringa, kwa uangalifu uleule, mahali ambapo pangelala juu ya nguo na pasionekane na mtu.

Sasa, atakayeishia kwenye kioo cha makumbusho hatajua kwamba tabia hiyo ilikuwapo Meath miaka elfu nne kabla ya bizimu. Huko Newgrange, kaburi la mawe lililojengwa yapata mwaka 3200 kabla ya Kristo, jiwe la mlangoni limechongwa mizunguko kama magamba ya konokono, na wachongaji hawakuwa na chuma wala shaba, bali waligonga jiwe kwa jiwe. Profesa Michael O'Kelly alipochimba hapo kati ya mwaka 1962 na 1975, ilibainika kwamba baadhi ya mawe yalitiwa nakshi hata upande wa nyuma, uliofunikwa na kifusi tangu siku ya ujenzi. Jirani, huko Knowth, kuna mawe zaidi ya 200 yenye michoro. Hayo hayawezi kubebwa kwenda Dublin, nashukuru.

Wala hauwezi kubebwa msalaba ninaoupita karibu kila siku katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Columba. Misalaba mingine ya pale imejaa sanamu za habari za Biblia, lakini huu haukumalizika. Kusulubiwa kwa Yesu kumechongwa tayari, ilhali sehemu nyingine zimeachwa kama vibao vitupu vilivyoinuka, vikingoja patasi. Mtu akiweka kiganja juu ya kimojawapo ataelewa fundi alivyopima na kugawa jiwe kabla ya kuchora uso wa kwanza, jambo ambalo kazi zilizokamilika humficha mtazamaji.

Naomba basi gazeti lako lisahihishe ushauri ule, na liwaambie wasomaji kwamba kutoka Dublin hadi Kells ni safari ya basi ya saa moja na nusu hivi.

Msomaji wenu,
Kells, kaunti ya Meath