Mpangaji akilalamikia ukungu, jibu lisiwe notisi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nieleze jambo ambalo wapangaji wengi tunalimeza kimyakimya kwa kuogopa kutolewa vitu nje.

Mwaka jana tulisogeza kabati la chumba cha watoto tukitafuta kiatu kilichopotea. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi kwa ukungu tangu sakafuni hadi usawa wa kiuno, kama vile mtu kaupaka masizi kwa vidole. Rangi ilikuwa imefura. Ukiibonyeza inapasuka na plasta iliyolowa inamomonyoka mkononi. Harufu tulishaizoea, tukidhani ni ya nguo zisizokauka vizuri. Mwanangu mdogo, ambaye ana pumu, alikuwa akilala hatua mbili kutoka hapo.

Nilimpigia mwenye nyumba. Kwanza alisema ni sisi tusiofungua madirisha. Baada ya wiki tatu akamleta fundi na ndoo ya rangi. Ukuta uling'aa kwa mwezi na siku kadhaa, kisha madoa yakarudi palepale, safari hii yamepanda zaidi. Bomba lililokuwa likivuja ndani ya ukuta halikuguswa. Nilipoandika mara ya tatu, nikiambatisha picha na maelezo ya daktari, nilijibiwa kwa notisi ya kuhama. Eti nyumba anaitaka mwanawe.

Sitaki kuwaonea wenye nyumba. Ukipika na kuanika nguo ndani bila kuacha hewa ipite, unyevu unaongezeka, na hilo ni juu ya mpangaji. Lakini ukungu unaoletwa na mvuke kwa kawaida huanzia pembe za dari na kingo za dirisha. Huu wetu ulifuata njia ya bomba, na dirisha halizibi bomba.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 likieleza kuwa wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu na ukungu wako katika hatari zaidi ya kuugua njia ya hewa na pumu yao kuzidi. Uingereza ilijifunza kwa uchungu. Mtoto wa miaka 2, Awaab Ishak, alifariki Desemba 2020 katika mji wa Rochdale, na mwaka 2022 uchunguzi wa kifo chake ukathibitisha kuwa chanzo ni ukungu wa nyumba waliyopanga. Baba yake alikuwa amelalamika miaka mitatu kabla. Akaambiwa apake rangi! Sheria yenye jina la mtoto huyo ilianza kutumika Oktoba 2025: mwenye nyumba za kupangisha za umma au za mashirika ya makazi lazima ashughulikie hatari ya dharura ndani ya saa 24.

Muda wa matengenezo ni jambo jema, ila kwangu mimi kiini ni ile notisi. Nani atalalamika akijua malipo yake ni kufungasha? Hukohuko Uingereza, sheria ya mwaka 2015 ilimzuia mwenye nyumba kumwondoa mpangaji kwa notisi isiyo na sababu kwa miezi 6, iwapo halmashauri imeshamwamuru afanye matengenezo. Mimi ningekwenda mbali zaidi. Notisi yoyote inayokuja ndani ya nusu mwaka baada ya malalamiko ya maandishi ichukuliwe kuwa ni ya kulipiza kisasi, na mwenye nyumba ndiye athibitishe vinginevyo. Ujerumani wao wana kifungu cha 536 cha sheria yao ya kiraia: kasoro inayoharibu matumizi ya nyumba, isiyosababishwa na mpangaji, inapunguza kodi kwa nguvu ya sheria mpaka irekebishwe.

Kwa aliye katika hali kama yangu: lalamika kwa maandishi, weka tarehe, piga picha kila wiki ukiwa umesimama mahali palepale, na utunze nakala. Usisimamishe kodi kwa uamuzi wako kabla ya kumuuliza mwanasheria, maana utakuwa umempa sababu halali ya kukutoa. Na ikiwa tatizo ni hita au jiko bovu la gesi, usisubiri barua: kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na inaua mtu akiwa usingizini. Zima, toka nje, ndipo upige simu.

Yule mwana wa mwenye nyumba hakuhamia. Nilirudi wiki chache baadaye kuchukua barua zangu, nikamkuta mama mmoja akiingiza kitanda cha mtoto mchanga. Nilimwomba nimwonyeshe ukuta wa chumba kile. Ulikuwa umepakwa rangi upya, mweupe, na yeye alinitazama kama mtu mwenye kinyongo na nyumba.

Mimi,
Mpangaji
(Jina na anwani vimehifadhiwa)