Jumamosi ni zamu ya Kenshin

Wadau, Jumamosi saa 2 usiku tunaangalia Rurouni Kenshin: Trust & Betrayal, katuni ya Kijapani kuhusu mpiga upanga anayeitwa Kenshin. Ilitoka 1999 kwa vipande vinne. Sisi tutaweka ile iliyounganishwa kuwa filamu moja.

Mliomzoea Kenshin wa katuni ya 1996, mfua nguo anayezabwa makofi na Kaoru, binti anayeishi kwake, jikazeni. Huku bado kijana, anaua watu usiku Kyoto kwa amri ya wanamapinduzi. Mwanzoni tu utamkuta mtoto akichimba makaburi ya waliouawa na majambazi, hadi ya majambazi wenyewe. Mimi naona inaishinda katuni yote, mtanibishia baadaye. Damu ni nyingi, kwa hiyo watoto walale kwanza.

Mnaojua habari za lile kovu la shavuni mwa Kenshin, tafadhali msiropoke humu. Mwenye spika nzuri anicheki pembeni.