Walimu wa watoto wetu wapewe kadi, si maikrowevu

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa ukurasa wako manake hili jambo nikilisema kule kwa grupu ya wazazi nitaitwa bahili, na kuna watu huko wakikuanza hawakuachi mpaka asubuhi. Tarehe 5 Oktoba ni Siku ya Walimu Duniani, inaadhimishwa tangu 1994, na huku kwetu Mombasa ikikaribia tu utaona simu haipumziki, mchango, mchango, mchango. Klasi ticha anunuliwe maikrowevu, hapana tumnunulie meza ya kahawa, hapana tumfanyie sapraizi ya keki ya ghorofa mbili na maputo. Na ukiponea Oktoba unangojwa muhula wa tatu ukifungwa.

Mimi walimu nawapenda, mamangu mzazi alifundisha praimari mpaka akastaafu, kwa hivyo mtu asiniambie sijui jasho la mwalimu. Ninachokikataa ni ile list. Mnaijua. Inapandishwa kwa grupu kila baada ya muda, jina la mzazi, pesa aliyotuma na M-Pesa, halafu tiki ya kijani, na huko chini majina matupu ya wale hawajatuma, watu wazima na heshima zao wanaanikwa kama ng'onda. Kuna mama anauza viazi karai jioni, kuna baba wa tuktuk ambaye kila usiku lazima apeleke hesabu kwa mwenye chombo kabla hajafikiria unga, wote hao wanajiona kwa list. Na watoto siku hizi wanashika simu za wazazi, wanasoma, kesho darasani wanajua mama ya nani hajatoa.

Halafu kuna hili la sheria, watu wanalipita kama hawalioni. Mwalimu wa skuli ya serikali ni afisa wa umma, na Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003, kabla ya kubadilishwa na Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya 2025, ilimkataza kupokea zawadi kutoka kwa mtu ambaye maslahi yake yanaweza kuguswa na kazi yake. Sasa mzazi si ndiye huyo? Kwa huu mtaala mpya mwalimu ndiye anayempa mwanao alama za zile kazi za SBA, yaani tathmini ya shuleni, na alama hizo zinapelekwa KNEC, baraza la mitihani, haziishii darasani. Sisemi walimu wanahongeka, la hasha, wengi wao hiyo maikrowevu inawatia haya tu lakini watakataa vipi na simu kumi zinawapiga picha? Ila yule mzazi ambaye mwanawe alipata alama za chini na jina lake lilikuwa tupu kwa list, yeye atawaza nini? Karatasi ya manila iliyokunjwa haileti maneno kama hayo.

Kwa hivyo mimi nasema kadi. Na nikisema kadi namaanisha ya mtoto mwenyewe kwa mkono wake, si ile ya kwenda saiba kuprinti waridi na maneno ya Kizungu halafu mtoto anaandika jina tu pale chini. Wala si ile mama anakaa nayo mpaka saa sita usiku anapima kwa rula kama zile project za huu mtaala mpya, ambazo tunajuana vizuri nani huwa anazifanya. Mtoto wa Gredi 4 akikata karatasi inakwenda upande. Iache iende upande.

Maneno ndiyo kazi yenyewe. Ukimwambia mtoto andika asante, ataandika asante kwa kunifundisha, basi, darasa zima kadi ni hizo hizo, mwalimu atasoma mbili azifunge na raba. Muulize maswali. Mwalimu alikufanyia nini, siku gani? Alisema nini mkacheka? Kitu gani ulikuwa hukiwezi na sahizi unakiweza? Wa kwangu nilimuuliza hivyo akanyamaza weee, mwisho akaandika "asante ulinipa penseli yako na hukuitaka tena", tahajia ilikuwa vita vitupu lakini sikuigusa. Mamangu ana mkebe wa biskuti umejaa karatasi za namna hii, hizo kadi za dukani zenye muziki hata moja hakuiweka, aliwapa wajukuu wachezee.

Vifaa havina makuu. Manila moja inatoa kadi kadhaa, kalenda ya mwaka jana kwa nyuma ni nyeupe na ni ngumu, na gundi unapika unga wa ngano na maji kwa moto mdogo huku unakoroga mpaka ushike. Vipande vya leso na vitenge fundi yeyote atakupa bure, vimejaa chini ya cherehani yake. Ile koni ya hina iliyobaki ya Idi mpe mtoto achore maua, ikikauka ikabanduka inaacha rangi nzuri sana kwa karatasi. Bizari inatoa manjano. Rangi ya mabuyu inavutia lakini ina sukari, sisimizi watamfikia mwalimu kabla ya mtoto. Na tafadhali watoto wasipelekwe kule Nyali na Bamburi kuokota kauri na matumbawe ndani ya marine park ati wabandike kwa kadi, ile ni hifadhi tangu 1986, hakutolewi kitu mle. Jambo jengine ni huu unyevu wetu, karatasi inajikunja na rangi ya maji haitaki kukauka, kwa hivyo kadi ifanywe siku za mapema ilazwe chini ya kitabu kizito, si usiku wa kuamkia siku yenyewe mtoto analia na wewe unapiga kelele.

Mtu akitaka kuongeza zawadi iwe ya mkono pia. Chupa ya achari ya ndimu, visheti kwa mfuko wa khaki (ile mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Agosti 2017 na bado kuna watu wanajitia hawajui), kikapu kidogo cha ukili kama nyanya yake anajua kusuka. Vikuba vya asumini vinanukia lakini vifike asubuhi, mchana vishakuwa kahawia. Ama leso. Wazazi wawili watatu wanashirikiana kimyakimya bila list, mmoja anakwenda Biashara Street anachagua, mwengine anaikata na kuipinda, hiyo ni zawadi ya heshima kabisa. Ila msome jina, yale maneno yaliyochapwa kwa leso, kabla ya kulipa jamani! Unampa mwalimu leso ya rangi nzuri kumbe imebeba mpasho wa wake wenza, siku akiivaa jirani zake watauliza anamsema nani.

Na mbona kila kitu kinamwendea klasi ticha? Mwalimu wa ECDE, yaani chekechea, ambaye ni wa kaunti, hata si wa TSC, tume ya walimu, ndiye aliyemfunza mwanao kushika penseli, lakini mtoto akishapanda Gredi 1 hata salamu hatumpi. Kule JSS, sekondari ya chini, kuna walimu wa intern, vijana wanafundisha masomo ambayo hata hawakuyasomea, hao hakuna anayewakumbuka. Ustadh wa madrasa ndiyo usiseme. Zamani mtoto akihitimu msahafu nyumba nzima ilipika na sinia ikapelekwa kwa maalim, na wako wanaofanya hivyo mpaka leo, lakini wengi wetu tunalipa ada ya mwezi kwa kuchelewa tukadhani tumemaliza. Mtoto anaweza kuandika kadi nne, hachoki, anachoka akiandikiwa.

Ombi langu ni kwa wakuu wa skuli, tangazeni mapema kwamba skuli inapokea kadi na haipokei vitu vya mchango. Mkisema nyinyi yataisha, sisi wazazi hatuwezi kukomeshana wenyewe manake kila mtu anaogopa kuonekana ndiye yeye. Na walimu mtuandikie hapa hapa kwa gazeti mtuambie ukweli, zile saa za ukutani za miaka yote mlizipeleka wapi? Kwa grupu yetu mweka hazina ametoa muda mpaka Ijumaa. Mimi nishamwambia, jina langu aliache tupu.

Mzazi wa Gredi 4,
Kisauni, Mombasa