Wazee wa Usukuma waulizwe kabla miche haijanunuliwa

Ndugu Mhariri,

Kila mvua zinapokaribia, miche hushushwa vijijini mkoani Shinyanga, na lawama huwa ileile: wazee hawajali mazingira kwa sababu hawajitokezi kupanda. Naipinga lawama hiyo.

Wengi wao walilelewa na watu walioamriwa na wakoloni wafyeke vichaka kumaliza mbung'o. Kufyeka ndiko kulikokuwa maendeleo. Pamba ikataka mashamba zaidi, kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawatenga watu na ngitili zao, malisho yaliyokuwa yakitunzwa kwa ajili ya kiangazi. Hadi leo mzee akiona mti katikati ya mtama anawaza kwelea kwelea watakaotua hapo. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni kuikuza miti malishoni, si kumhubiria.

Wazee haohao ndio wenye ujuzi uliorudisha uoto Shinyanga. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza 1986 na kumalizika 2004, ulipata nguvu pale ulipoijenga kazi yake juu ya ngitili. Eneo lililorejea lilikadiriwa kuzidi hekta 300,000.

Ngitili hufungwa mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, ili nyasi zichanue na kudondosha mbegu. Hufunguliwa kiangazi kikikolea, Julai au Agosti, tena kwa vipande: kimoja kikiisha ndipo kinachofuata kiguswe. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wakiingiza ng'ombe Aprili, udongo ungali na maji, kwato zinaushindilia, nyasi zinaliwa kabla ya kukomaa, na msimu ujao maji ya mvua yanateleza juu bila kuzama. Mbuzi nao wazuiwe mpaka machipukizi yapite kimo chao, maana huanza na ncha, na chipukizi lililokatwa ncha mara kwa mara hubaki kichaka.

Kisiki cha mgunga kikichipua, chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, mengine yakate kwa panga kali karibu na kisiki. Punguza matawi ya chini, usivuke nusu ya urefu. Rudi baada ya miezi michache, kwani kisiki kitachipua tena. Mche wa kitalu una mizizi mifupi, na ukipandwa mvua zikiwa zinaishia, jua la Juni linaumaliza. Mizizi ya kisiki ilishafika kwenye unyevu siku nyingi.

Ombi langu kwa halmashauri: kabla ya kununua miche, zigharamie vikao vya dagashida, yaani mikutano ya jadi ya Wasukuma, na makubaliano yapelekwe mkutano mkuu wa kijiji yawe sheria ndogo, kisha halmashauri iidhinishe. Bila hilo, faini inayotozwa na sungusungu ni rahisi kupingwa. Ila wazee wa kiume wasiamue peke yao. Kinamama ndio watafutao kuni na vijana ndio wachungao. Ikiwa sheria haisemi kuni kavu ziokotwe wapi na siku gani, ngitili itavamiwa usiku. Tarehe ya kufungua nayo isiandikwe kama siku moja ya kalenda: iandikwe kwamba wazee watakwenda kukagua nyasi, na mifugo isiingie kabla mbegu hazijadondoka.

Mdau wa malisho,
Shinyanga