Ule uvimbe tumboni mwa ndege si kombora

Mhariri,

Kila Septemba ikikaribia simu yangu hujaa video ileile: ndege ya pili inaelekea mnara wa kusini wa World Trade Center, New York, siku ya shambulio la Septemba 11, 2001, picha inasimamishwa, tumbo linazungushiwa duara jekundu, halafu sauti nzito inauliza ule uvimbe ni nini kama si kombora. Safari hii aliyeituma ni mpwa wangu, yuko chuo kikuu: "Mjomba, wewe ulikuwa fundi wa ndege. Sema ukweli."

Uvimbe huo naujua. Nimelala chali chini yake mara nyingi, tochi mdomoni, mafuta ya haidroliki yakinidondokea shingoni, na mafuta yale huwasha kama pilipili. Kila Boeing 767, aina ya ndege hiyo, inao. Ni mfuniko wa pale mabawa yanapoungana na bodi. Ndani mna mitambo ya hewa ya abiria, na nyuma kidogo ndipo hukunjwa matairi makuu manane. Jua la asubuhi likiupiga kwa ubavu, kivuli chake humpumbaza asiyeuzoea.

Wengine husema ndege haikuwa na madirisha. Basi kipande cha bodi chenye madirisha kilichookotwa kwenye paa la jengo namba 5 la World Trade Center kilitoka wapi? Na mwaka 2013, karibu miaka 12 baadaye, wapimaji walikuta chuma cha bawa la 767 kimekwama kwenye uchochoro kati ya majengo mawili ya jirani, mahali ambapo mtu hupita kwa kujibana.

Kuhusu Pentagon, makao makuu ya jeshi la Marekani yaliyogongwa siku hiyohiyo, lile tundu la mviringo wanaloonyesha, wakisema ni dogo mno kwa Boeing 757, liko ukuta wa ndani, mabaki yalikotokea. Ndege iliingilia upande wa nje, baada ya kuangusha nguzo 5 za taa barabarani. Visanduku vyeusi vilipatikana ndani ya siku tatu, na abiria wakatambuliwa kwa vinasaba. Kombora halibebi abiria.

Sisemi serikali ya Marekani isiulizwe. CIA, shirika lake la ujasusi, iliwafahamu wawili kati ya watekaji wa ndege hiyo ya Pentagon kabla ya shambulio, na bado waliishi California bila kuguswa. Hapo pana swali zito, lakini halina duara jekundu, kwa hiyo halisambazwi.

Nasi wa Nairobi kundi lile la watekaji, al-Qaeda, tulilijua mapema, Agosti 7, 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa. Watu 213 walikufa hapa, na wengine 11 Dar es Salaam siku hiyohiyo. Sijasikia mtu wa hapa akidai kwamba lile lori la bomu halikuwa lori.

Mpwa wangu nimemjibu kwa picha ya zamani: mimi na ovaroli chafu, nimeinama chini ya uvimbe wenyewe. Ameniuliza kama imehaririwa.

Fundi mstaafu wa ndege,
Embakasi, Nairobi